Nduma Chini ya Mnara

Watu wa eneo la Bahati walizoea kuucheka mnara wa Redio Mwinuko kwa sababu ulisimama shimoni. Minara mingine yote waliyoijua, ya simu na ya stesheni za vijana, ilipandishwa milimani ambako kila mtu angeiona. Huu uliwekwa bondeni, katikati ya tope, kwenye shamba la zamani la mzungu ambako ng'ombe walizama hadi magotini mvua ikinyesha. Walisema aliyeujenga alikuwa amelewa, au alikuwa anamficha mkewe.

Wariara hakuucheka. Aliishi chini yake. Mumewe, Jamleck, alikuwa mlinzi wa mnara huo, na kampuni ilikuwa imewapa nyumba ya mabati ya vyumba viwili ndani ya ua. Hapo redio yao ndogo ilishika Mwinuko hata betri zikiwa zimechoka. Ungezungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho ungesikia Mwinuko tu: bei ya viazi, maombi ya asubuhi, matangazo ya mazishi, halafu bei ya viazi tena. Wangechi, mtoto wao, alijifunza kutingisha kichwa kwa wimbo wa taarifa ya habari kabla hajajifunza kukaa.

Kampuni ilimruhusu mlinzi kulima ndani ya ua. Mboga na maharagwe, basi. Msichimbe. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Mlinzi aliyetangulia alimkabidhi Jamleck neno hilo pamoja na funguo na mbwa, na Jamleck akalipokea vile vile, bila kuuliza.

Lakini ardhi ile ilikuwa na maji, na Wariara alikuwa mtoto wa watu waliolima nduma kando ya mto. Kila akipita na beseni la nguo aliiona ile ardhi nyeusi, inayometameta, imekaa bure. Wangechi alikuwa ameanza kula, na maziwa ya mama yalikuwa yamepungua. Nduma ikipondwa ni laini, inakaa tumboni, mtoto analala. Mwishowe Wariara alimfunga Wangechi mgongoni, akashika jembe, akachimba mifereji ya kufika magotini, kama nduma inavyotaka.

Jembe liligonga waya. Hilo halikumshangaza. Bahati nzima waya zimejaa ardhini, za nyua za mzungu, za mabwawa yake, za farasi wake. Mtu anayelima huko bila kukuta waya hajachimba. Kuna njia moja tu ya kufanya: unavuta, ikikataa unakata kwa panga, ikikubali unaitumia. Wariara alivuta, akakata. Zilikuwa laini, za kijani, na hazikuwa na kutu. Nyingine alifungia kizimba cha mbuzi, nyingine akasimamishia maharagwe, na ile ndefu kuliko zote akaifanya kamba ya nguo. Kipande kimoja alimpa jirani yake, Sue, ambaye jiko lake lilikuwa limekatika mshikio. Zilizobaki alizikanyaga zikarudi matopeni.

Jamleck alipotoka zamu asubuhi aliiona ile mifereji, akasimama.

"Wariara, walisema tusichimbe."

"Walisema kwa nini?"

"Hawakusema."

"Basi wakija nitafukia."

Jamleck alimtazama mtoto, ambaye alikuwa amekaa kwenye gunia na tope hadi masikioni, anacheka. Akaenda kulala. Hakulitaja tena jambo hilo. Nduma zilishika, zikatoa majani mapana kama sahani, na siku nyingine Jamleck mwenyewe alionekana akiyapangusa vumbi kwa kiganja.

*

Malalamiko yalianza kufika ofisini mvua ndefu zilipokuwa zinaisha. Kwanza Olenguruone, ng'ambo ya milima ya Mau, kisha vijiji vya njiani. Wasikilizaji walipiga simu kuuliza kama mtangazaji wa asubuhi ni mgonjwa, mbona anaongea kama mtu aliyefunikwa blanketi. Wengine walisema wanasikia mkwaruzo tu, kama mtu anakaanga mahindi. Wafanyabiashara wa viazi walianza kuuliza bei kwa simu, halafu wakazoea hivyo, na matangazo yao yakapungua.

Chini ya mnara Wariara hakujua lolote. Kwake mtangazaji aliongea kama mtu aliyekaa mezani.

Gari la kampuni lilifika asubuhi moja Jamleck akiwa ametoka tu kuvua viatu. Walishuka wawili. Mmoja alikuwa Joash, meneja, mtu nadhifu aliyesimama kwenye changarawe na kukataa kuliingia tope. Wa pili alikuwa enjinia Makhanu, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, aliyebeba mita yake kifuani jinsi watu wanavyobeba watoto wachanga. Makhanu alizunguka ua muda mrefu, akipima, akisimama, akipima. Kisha akachutama chini ya mnara, akafukua kidogo kwa mikono, akashika waya akauvuta. Ulikuja wote bila kupinga, kama kamba ya kiatu. Ulikuwa mfupi. Akavuta mwingine, nao vile vile.

"Zimekatwa," alisema.

Joash alimtazama Jamleck kutoka pale kwenye changarawe. "Nani huingia hapa?"

"Hakuna mtu huingia, boss."

"Kwa hivyo ni nani amekata? Ni fuko?"

Jamleck alisema mbwa hajabweka, kufuli haijaguswa, na yeye huzunguka ua usiku kucha na tochi. Kadiri alivyoeleza jinsi alivyolinda vizuri ndivyo alivyojifungia njia, kwa maana kama hakuna aliyeingia, basi aliyekata alikuwa ndani. Joash alimsubiri amalize. Halafu akapiga simu polisi, akiwa amewapa mgongo, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

Makhanu alikuwa ameendelea peke yake hadi kwenye majani ya nduma. Alisimama hapo, akayatazama, kisha akaitazama nyumba.

Kabla hawajampakia Jamleck kwenye gari la polisi, Joash alimwomba avue koti la kazi. Alisema si vizuri jina la kampuni lionekane kwenye seli. Jamleck alilivua, akalikunja vizuri, akampa. Alibaki na fulana yenye tundu chini ya kwapa, akaubana mkono ili tundu lisionekane. Wariara alikimbia ndani kutafuta sweta. Aliporudi gari lilikuwa limeshafika barabarani.

*

Makhanu alibaki ili amalize vipimo vyake, gari lingekuja kumchukua jioni. Aliomba maji ya kunawa. Wariara alimletea kwa jagi, mtoto kiunoni, akamuuliza kama watamfunga. Makhanu alikuwa anaitazama kamba ya nguo.

Nepi za Wangechi zilining'inia hapo, zikidondosha maji. Pale nguo zilipokuwa zikiteleza kila siku, waya ulikuwa umesuguliwa ukang'aa mwekundu, kama sufuria mpya.

"Mama Wangechi, hii kamba uliitoa wapi?"

"Hiyo? Ni waya ya mzungu. Hapa zimejaa."

"Ziko zingine?"

Alimwonyesha kizimba cha mbuzi, akamwonyesha maharagwe. Mwanzoni alionyesha kwa furaha kidogo, kama mwenye nyumba anayejua kutumia kitu. Alipofika kwenye maharagwe kidole chake kilikuwa kimeanza kurudi chenyewe.

Makhanu alitafuta kiti, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alimweleza polepole. Huu mnara unaouona, alisema, ni nusu. Nusu nyingine iko chini, waya za kopa, yaani shaba, zimetandazwa pande zote kama spoku za baiskeli.

"Ile minara ya mlimani inarusha sauti kama mtu anarusha jiwe. Hii yetu hairushi. Inatambaa. Inashika ardhi, inapanda Mau, inashuka upande ule wa Olenguruone. Na ardhi kavu haiibebi. Ndio wazee wakatafuta tope. Sasa ukikata spoku, sauti inabaki hapa hapa, inawapasha minyoo joto."

"Lakini hapa inasikika vizuri."

"Hapa wewe umekaa chini ya ng'ombe. Utajuaje kama maziwa yamefika sokoni?"

Wariara aliwatazama mbuzi. Tope lile lililokuwa linaibeba sauti ndilo lililokuwa linazilisha nduma zake. Walikuwa wanataka ardhi moja, yeye na redio, kwa sababu moja, na hakuna aliyemwambia.

"Kwa hivyo ni mimi," alisema.

Makhanu alisema mtoto anapoteza soksi. Ilikuwa kweli. Wariara aliirudisha, na alipoinua macho enjinia alikuwa amesimama, anafunga mita yake.

"Nenda umwambie Joash kwa mdomo wako. Mimi nitaandika zimekatwa. Ni nani amekata, hiyo mita haisemi."

*

Wariara aliikata kamba ya nguo kwa panga lile lile, akaitia kwenye gunia, akatandaza nepi kwenye majani. Alifungua kizimba, akakifunga kwa matambara. Maharagwe yalianguka yalipopoteza nguzo zake, akayaacha yamelala. Kisha akaenda kwa Sue.

Sue alikuwa anapika. Alilitazama gunia, akautazama mkono ulionyooshwa.

"Sasa hata zawadi unarudisha? Mimi jiko langu nilishike na meno?"

Wariara alimweleza. Sue aliacha kucheka, akaugeuza mwiko sufuriani, halafu akasema asiende. Alisema Jamleck atakaa seli siku chache, watachoka naye, watamwachilia, ndivyo ilivyo. "Lakini ukienda na hilo gunia watafunga wawili. Huyo mtoto atanyonya nani? Mimi?"

"Hajaiba, Sue."

"Na wewe umeiba?"

"Sijaiba."

"Basi kaa nyumbani kama mtu hajaiba."

Hata hivyo Sue aliufungua ule waya kwenye jiko lake, akaukunja, akautumbukiza kwenye gunia. Kisha akamshika mtoto ili Wariara ajipange vizuri, akamfunga tena mgongoni kwa leso safi, yake mwenyewe.

*

Ofisi za Redio Mwinuko zilikuwa Nakuru mjini, ghorofani, juu ya duka la mbolea. Msichana wa mapokezi alimwambia gunia lisiguse vigae. Wariara alilipakata. Mtoto mgongoni, gunia mapajani, akakaa ukingoni mwa kiti asikichafue. Spika ndogo ukutani ilikuwa inacheza Mwinuko, sauti safi kabisa, kutoka chumba cha pili. Watu waliingia, wakasalimiwa, wakaitwa ndani. Mtoto alilia, akamnyonyesha akiwa amegeukia ukuta. Wakati mmoja msichana alimuuliza kama anauza viazi.

Joash alipomwita ndani alionekana kama mtu ambaye hajalala. Wariara alikuwa amepanga maneno, yakamtoka yote kwa pamoja. Alisema ni yeye. Alisema juu ya nduma, jembe, waya za mzungu, kamba ya nguo. Alisema Jamleck alimkataza, mara moja lakini alimkataza. Alifungua gunia akaonyesha.

Joash aliinuka akafunga mlango.

"Mama Wangechi, nakuamini."

Wariara alianza kulia, akajipangusa kwa ncha ya leso ya Sue, akasema asante, asante boss, Mungu akubariki. Joash alimwacha amalize. Kisha akasema kwa upole ule ule:

"Lakini hiyo siwezi kuitumia."

Alimweleza. Zile waya ziliandikiwa bima. Bima inalipa wizi. Hailipi jembe la bibi ya mlinzi. Akisema ukweli, kampuni itanunua kopa yote kutoka mfukoni, na mfuko ni mtupu tangu watu wa viazi waache kutangaza. Mitambo itazimwa. Kila mtu aliyemwona hapo nje ataenda nyumbani, hata yule msichana wa mapokezi, ambaye analea ndugu zake.

"Si niko na ushahidi," Wariara alisema, akalisukuma gunia mbele. "Hizi hapa."

"Hizo hata si robo ya zile zimepotea."

"Zingine ziko kwa tope. Nilizikanyaga. Mkichimba mtaona."

"Tukichimba na mwenye bima amesimama hapo, ataona pia." Joash alilifunga gunia mwenyewe, akalirudisha mapajani mwa Wariara. "Na hili usiliache hapa. Hili halisemi ulikata bila kujua, mama. Linasema tu mlikuwa nazo."

Wariara alilishika gunia. Lilikuwa jepesi kuliko lilivyokuwa asubuhi, au mikono yake ndiyo ilikuwa imekufa ganzi.

Joash alisema kuna njia. Jamleck aandike kwamba alilala zamu, wezi wakaingia, wakakata. Kampuni itaondoa kesi. Atatoka leo leo. Kazi itaisha, hilo haliwezi kuepukwa, na nyumba itabidi waiachie mafundi watakaokuja, lakini hatakuwa mwizi. Atakuwa mtu aliyelala tu.

"Hajawahi kulala," Wariara alisema. "Hata mtoto akizaliwa hakulala."

"Najua," Joash akasema. "Ndiyo maana nilimwandika kazi."

*

Kituoni walimtoa Jamleck wakamkalisha kwenye benchi la ukutani. Wariara alimpa sweta, akalivaa, akavuta pumzi kana kwamba amefika nyumbani. Mtoto alimrukia. Joash alimsomea karatasi yenyewe, akamwekea kalamu.

Jamleck aliisoma tena mwenyewe, midomo ikitembea.

"Boss, nikiandika nililala, nani atanipa lindo tena?"

"Na ukikataa, ni nani alikata?"

Jamleck hakuelewa. Akageuka kwa mkewe. Wariara hakuwa amepata nafasi ya kumweleza, na sasa, mbele ya Joash, mbele ya askari aliyekuwa anakula karanga, ilibidi amwambie kwa maneno machache. Zile waya. Za nduma. Zilikuwa za redio.

Uso wa Jamleck haukubadilika haraka. Wariara aliuona ukifika mahali fulani, ukisimama, halafu ukishuka.

"Mimi nitasema ni mimi," alimwambia. "Nimewaambia tayari."

"Na ukishasema?"

Askari alimpa Wangechi karanga moja, Wariara akaichukua haraka kabla haijafika mdomoni.

"Ulikuwa hujui," Jamleck alisema.

"Sikujua."

"Mimi nilijua kuna sababu. Sikuuliza." Alivuta karatasi karibu. "Nilipenda vile ulikuwa na furaha na ile shamba."

Alishika kalamu. Joash, kwa kutaka kumsaidia, alisema anaweza kuongeza kwamba alikuwa na homa, au alikuwa amemeza dawa ya kikohozi, watu wangeelewa. Jamleck alifikiria.

"Hapana. Kama ni kulala, nililala tu." Kisha akauliza, kama fundi anayeuliza kipimo: "Niandike nililala saa ngapi?"

Joash aliangalia viatu vyake. Alisema saa yoyote.

*

Mafundi walikuja na lori la kopa mpya. Waling'oa nduma kwanza. Zilikuwa bado changa, hazijazidi kidole, na Wariara aliwafuata nyuma akiokota, kwa sababu hata hizo huiva. Chini ya mifereji walikuta vile vipande alivyovikanyaga, vimelala pale pale. Fundi mmoja alianza kuvirundika pembeni, akimwita enjinia aje aone. Makhanu alikuja, akatazama, akachukua koleo kutoka mkononi mwake, akavifukia. Alimwambia yule fundi arudi kwenye mtaro wake. Hakumtazama Wariara. Alifukia hadi pakawa sawa, akapakanyaga, akavuta kamba ya kupimia juu yake.

Jamleck na Wariara walihamia Salgaa. Jamleck alikuwa amesikia kwamba pale, ambako malori ya masafa marefu yanalala, watu wa kukesha hawatoshi. Walipanga chumba nyuma ya karakana ya magurudumu. Wariara alijipa moyo kwa sauti, kama alivyokuwa akimwimbia mtoto: hapa kuna watu wengi, hapa ni barabara kubwa, hapa hakuna anayetujua. Jamleck aliitikia. Alipiga pasi shati lake kwa sufuria ya maji moto, wakaenda pamoja, maana Wariara alisema mwanamume mwenye mtoto huaminiwa upesi.

Lojing'i, nyumba ya wageni yenye uwanja mkubwa wa malori, ilikuwa ya mwanamke aliyeitwa Jepchumba. Walimkuta kwenye hoteli yake ya mbele, anageuza chapati, huku madereva wawili wakinywa supu mezani. Redio ilikuwa kwenye rafu kati ya chupa za soda. Jepchumba alimpima Jamleck kwa jicho moja, jicho lingine likiwa kwenye chapati. Aliuliza kama anakunywa pombe. Aliuliza kama anaogopa wezi wa dizeli. Jamleck alijibu vizuri, bila haraka, na Wariara aliona mabega ya yule mama yakilegea.

"Unakaa kama mtu wa kukesha kweli," Jepchumba alisema. "Nilikuwa nimechoka na hawa vijana, saa nne wamezima. Ulikuwa unalinda wapi?"

"Bahati."

"Kwa nani?"

Jamleck angeweza kusema shule. Angeweza kusema kwa mzee fulani, kwa kanisa. Wariara alitamani aseme hivyo, akaomba moyoni aseme hivyo.

"Kwa mnara wa redio," Jamleck alisema.

Chapati ilibaki imeshikwa hewani. Juu ya rafu mtangazaji alikuwa anamalizia salamu za asubuhi, na sasa, kama ilivyokuwa kila siku tangu mitambo irekebishwe, alisoma tangazo la kampuni. Redio Mwinuko inawaomba radhi wasikilizaji wake wote wa Olenguruone, Mau na Salgaa kwa miezi ya kukosa matangazo. Hii ilisababishwa na wizi wa nyaya, baada ya mlinzi aliyekuwa zamu kulala. Mlinzi huyo si mfanyakazi wetu tena. Kisha mama mmoja wa Olenguruone alipiga simu hewani kushukuru, kwamba sasa wanaipata vizuri, tena hata jikoni. Akauliza huyo mlinzi alikuwa amelewa ama ni uvivu tu. Mtangazaji akacheka, akasema mama, hiyo tumwachie Mungu.

Madereva walikuwa wameacha supu.

"Ni wewe?" Jepchumba aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Wariara alifungua kinywa. Jamleck alimgusa kidogo tu kwenye kiwiko, pale ambapo kichwa cha mtoto kilikuwa kimeegemea.

"Ni mimi," alisema.

Dereva mmoja alisema angalau ameungama, wengine hulala na bado wanadai mshahara. Mwenzake akaongeza kwamba apewe kitanda alinde kitanda. Jepchumba aliwaambia wanyamaze wanywe supu yao. Alifikiria, akaigeuza chapati, akasema lindo haliwezekani, mzigo ni wa watu, lakini kazi ya mchana iko, ya kuosha malori, anayeosha huwa halali kwa sababu maji ni baridi. Kama anataka, ndoo iko nyuma, aanze na lile la bluu.

Jamleck alishukuru. Alikunja mikono ya shati lililopigwa pasi, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Wariara alibaki amesimama kati ya meza. "Hakulala, mathe," alisema. "Nakuapia. Huyo mtu hajawahi kulala kazini."

Jepchumba alimtazama kwa huruma, jinsi mwanamke anavyomtazama mwanamke mwenzake. Alimwekea chapati kwenye sahani, akaisukuma mbele yake. "Kula, mama. Unanyonyesha."

Wariara alikaa. Alimega, akampa mtoto kipande laini. Dirishani aliona uwanja wa malori, na Jamleck akivuka na ndoo, maji yakimwagikia miguuni. Juu ya rafu yule mama wa Olenguruone alikuwa bado anaongea, hana haraka, anasema walinzi wa siku hizi ni hasara tupu.

"Mathe," Wariara aliomba, "unaweza kuipunguza kidogo?"

"Nipunguze?" Jepchumba alishangaa kweli. "Miezi yote imekuwa ikikoroma tu hapo juu. Sasa ndio inaongea kama mtu."

Alipangusa mkono kwenye aproni, akaifikia rafu, akaiongeza sauti, ili na wale walio nje kwenye malori wasikie.